Pilau ya Mtani na Nyaya za Isevya

Jumapili, 8 Desemba

Nimemkosea Mwanne. Hilo naliandika la kwanza kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, nikianza kujitetea hatutafika.

Mwanne ni jirani yangu hapa Isevya. Mjane, fundi cherehani, Mzaramo aliyeletwa Tabora na marehemu mumewe kwa treni na hakurudi tena kwao. Mimi ni Ngassa, Baba Koleta kwa majirani, Mnyamwezi, muuza asali karibu na stendi, na toka mwaka juzi ni kamanda wa ulinzi shirikishi wa mtaa wetu. Mwanne ni mtani wangu. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikuja na misafara ya babu zetu, waliotembea na mizigo kichwani mpaka pwani na kurudi. Mimi nikimkuta amekaa barazani namwambia anyanyuke, kiti hicho ni cha watu wanaofanya kazi. Yeye akiniona na ndoo ya asali ananiambia niitue, safari ya pwani ilishafutwa. Tumeishi hivyo miaka mingi na hakuna aliyewahi kununa.

Sasa jambo lenyewe. Jumanne usiku wezi walikata nyaya za shaba kwenye transfoma, mtaa mzima ukaingia giza. Zamu ilikuwa yangu na Sixbert. Mvua inanyesha. Sixbert alikwenda kuzunguka upande wa msikitini, mimi nikabaki pale kwenye nguzo, na upepo ukaniletea harufu ya pilau kutoka jikoni kwa Mwanne. Alikuwa anapika mapema kwa ajili ya wageni wa kesho yake, watu wa Igunga waliokuwa wanaleta mahari ya binti yake Najiat. Najiat mwenyewe alikuwa Ntalikwa kwa mama yake mdogo, wanapanda mahindi.

Hapa niseme kitu. Mimi nina sukari na presha. Muuza asali mwenye sukari, najua, watu wameshacheka. Mke wangu Magreth ananipikia ugali wa dona na mlenda usio na chumvi, na wali sijauona toka Pasaka. Kwa hiyo nilijiambia naenda kujikinga mvua. Mwanne akanicheka, akanipakulia. Nikiwa na kijiko mkononi taa zikazimika. Nikasema, "Mgao wa umeme huo." Mwanne akawasha taa yake ya sola, mimi nikaendelea. Nyaya zinakatwa nje, kamanda yuko ndani anatafuta nyama kwenye wali.

Sixbert ndiye aliyepiga filimbi. Nikatoka mbio kwa mlango wa uani, nikazunguka nyuma ya duka la Parvez, nikatokea barabarani nahema. Watu wakadhani nilikuwa nawakimbiza wezi. Sixbert akauliza, "Wamepita wapi, Kamanda?" Nikanyoosha mkono. Nilinyoosha tu, sikusema kitu.

Kanuni yetu ni kwamba filimbi ikilia kila nyumba inatoka, wanaume kwa wanawake. Wote walitoka na marungu na tochi. Mwanne peke yake hakutoka. Angetokaje, kwenye mlango ambao mume wa mtu ametokea sasa hivi, yeye mjane, na kesho wakwe wanakuja?

Jana ukawa mkutano. Mwenyekiti wetu Renatus ndiyo kwanza amechaguliwa, hata picha za kampeni hazijabanduka ukutani, na anataka tumuone anafanya kazi. Akauliza nani hakutoka kwenye filimbi. Watu wakasema, Mwanne. Mimi nikaingiwa na hofu, maana swali linalofuata ni alikuwa ndani na nani. Nikafanya ninachofanya siku zote nikiogopa. Nikatania.

"Mwenyekiti, usijisumbue," nikasema. "Wazaramo hawa. Mwaka jana walinilia mbuzi, mwaka huu wamekula nyaya."

Wazee wakacheka. Mwanne akasimama, mkono kiunoni. "Nimezila ndiyo. Nimeziungia pilau. Muulizeni kamanda kama chumvi ilikolea."

Wazee wakacheka tena. Vijana hawakucheka. Vijana wetu utani hawaujui. Katibu akaandika: mtuhumiwa amekiri. Renatus akavua miwani. "Kamanda, hii unayosema ni taarifa ya ulinzi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Neno lenyewe fupi. Lakini Magreth alikuwa amekaa mstari wa mbele na khanga yake ya mikutano, ananitazama, na mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Kamanda kanyamaza," Renatus akasema. "Hana pingamizi. Iandikwe."

Ikaamuliwa Mwanne atengwe, kwa utaratibu wa sungusungu wa zamani. Hasalimiwi. Hanunuliwi kitu, hauziwi kitu. Haazimwi kitu. Kwenye shughuli yake haendi mtu. Na mimi nikapigiwa makofi.

Jumatatu, 9 Desemba

Mvua. Asali haikutoka hata chupa.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimepishana na Mwanne karibu na duka la Parvez. Nilitaka kumsalimia, nikakumbuka haruhusiwi kusalimiwa, na kamanda ndiye mimi. Nikakohoa.

"Marahaba," akasema, akapita.

Jumamosi, 14 Desemba

Mafundi wa umeme wamekuja, wameitazama transfoma yetu kama watu wanaotazama maiti. Wakasema nyaya mpya zitakuja, lakini kwanza mtaa uonyeshe kwamba ulinzi upo. Renatus akanishika bega mbele yao. "Ulinzi upo. Huyu hapa."

Jumatatu, 16 Desemba

Kumezuka maneno kwamba hata Parvez achunguzwe, maana toka giza liingie mishumaa na betri zinatoka dukani kwake kama karanga. Renatus akaenda kumhoji na akanichukua mimi. Akamkuta na jambo lingine kabisa, anampimia Mwanne mchele.

"Parvez," Renatus akasema, "huyu ametengwa."

"Nimesikia."

"Sasa unamuuzia?"

"Mwenyekiti, mama yangu Fatmabai magauni yake yote anashona Mwanne. Nikimtenga, mama atavaa nini? Utamshonea wewe?"

"Hilo ni azimio la mtaa."

"Basi njoo ulisome mbele ya mama. Yuko ndani, anasikia kidogo sikio la kushoto."

Renatus hakwenda. Mwanne akachukua mchele wake, na alipofika mlangoni akanitazama miguuni mpaka kichwani. Sikukohoa.

Njiani Renatus aliniuliza hivi kweli mwanamke wa umri ule angepanda nguzo. Nilishukuru Mungu, nikasema, "Mwenyekiti, hata mimi nashangaa." Akafikiri kidogo. "Basi alituma vijana," akasema. "Ni hatari kuliko tulivyodhani."

Ijumaa, 20 Desemba

Simu zimeanza kuwa tatizo. Hapa mtaani mwenye sola ni Mwanne, na siku zote za mgao tulichaji kwake. Sasa watu wanaona aibu kwenda na wanaona tabu kukaa bila simu. Nimemkuta Sixbert kwenye uchochoro wa uzio wake, anapitisha simu juu kwa ungo uliofungwa kamba, na mkono wa ndani unapokea.

"Sixbert, na wewe?"

"Kamanda, mimi sijamsalimia. Muulize. Sijasema neno hata moja."

"Yuko sahihi," ikasema sauti ya Mwanne kutoka ndani. "Hana adabu hata kidogo."

Kwenye ungo kulikuwa na simu nyingine tano. Moja ina kava la kijani lenye picha ya twiga. Ni ya Renatus, kila mtu anaijua.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Magreth amenipikia mlenda wa sikukuu, yaani ni uleule ila umewekwa kwenye bakuli la wageni. Kanisani padri alihubiri juu ya jirani. Nikahisi ananitazama mimi tu. Nilimwambia Magreth, akasema padri ana makengeza, anamtazama kila mtu.

Ijumaa, 3 Januari

Wezi wamekamatwa. Nimepiga magoti pembeni ya kitanda, na si kawaida yangu siku za kazi. Watu watatu wamekamatwa Igunga kwenye lori la magunia ya mpunga, chini ya magunia wamekutwa na marobota ya nyaya za shaba, na wenyewe wametaja mitaa waliyopita ikiwemo Isevya. Wageni kabisa, hakuna anayewajua.

Kwa hiyo imekwisha. Mwanne ametoka lawamani na mimi sikusema kitu. Nilitembea jioni hii kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyombana. Nimenunua hata soda, ile isiyo na sukari.

Jumatatu, 6 Januari

Haijaisha. Leo pale kwenye kahawa wamekaa wanaliunganisha. Mmoja akauliza, "Wamekamatwa wapi?" Wakasema, Igunga. "Na Najiat anaolewa wapi?" Igunga. Wakatingisha vichwa, wakaagiza kahawa nyingine.

"Mnaona," akasema katibu. "Mahari gani ile, kumbe walikuja kuchukua mzigo."

Nikasema, "Jamani, Igunga ni kubwa."

"Kamanda ana moyo mzuri," wakasema.

Alhamisi, 9 Januari

Mvua ya mawe. Bati la choo limekwenda kwa jirani.

Jumanne, 14 Januari

Renatus kasema kwenye kikao cha viongozi kwamba toka Mwanne atengwe hakuna nyaya zilizoibiwa mtaani. Hiyo ni kweli. Hakuna nyaya.

Jumamosi, 18 Januari

Leo naandika mengi, mnivumilie nyie mnaosoma, kama mpo.

Harusi ya Najiat imepangwa Jumamosi ya tarehe kumi na tano Februari, kabla ya mfungo. Asubuhi nilikuwa bombani na madumu yangu, Magreth alikuwa na mafua. Wanawake wa kikundi walikuwepo. Wao ndio wenye masufuria makubwa ya shughuli, majamvi, na mikono. Mtaa huu hakuna anayeoza bila kikundi. Mwanne mwenyewe ni mwanachama wa tangu mwanzo, vifuniko vya masufuria yale alivishonea mifuko yeye.

Akaja na ndoo. Wanawake wakafungua njia kama anapita mtu mwenye tetekuwanga. Akajaza ndoo yake polepole, maji yetu hayana nguvu, na muda wote ule hakuna aliyesema kitu. Mimi nimekaa kwenye harusi nyingi na misiba mingi ya mtaa huu na sijawahi kusikia wanawake wale wamenyamaza. Najiat alikuwa nyuma yake. Kuna rafiki yake pale, wamesoma wote, walikuwa wanavaa sare ya aina moja sikukuu zote. Najiat akamtazama. Yule binti akageuka akajifanya anafunga kamba ya dumu. Dumu halina kamba.

Najiat akaacha ndoo yake palepale akaondoka. Sikuona machozi, niliona mgongo tu.

Watu walipopungua nikamfuata Mwanne mpaka kwenye kona ya uzio wake. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, "Mtani, si useme tu kwamba nilikuwa kwako? Ukisema wewe yanaisha."

Akatua ndoo.

"Nisemeje?"

"Useme ukweli."

"Niseme usiku wa mvua, binti yangu hayupo, nilikuwa jikoni na Baba Koleta, kwenye taa ndogo, mpaka filimbi ikalia akatokea uani. Hivyo ndivyo unataka wakwe zangu wasikie?"

"Lakini tulikuwa tunakula."

"Mimi najua tulikuwa tunakula. Wewe unajua. Igunga watajua?"

Nikatazama ndoo yake.

"Ukisema wewe," akasema, "ni kamanda mlafi aliyeacha lindo. Nikisema mimi ni mjane anayeingiza waume za watu. Pima mwenyewe upi mzito. Nyie ndio mnaosifika kwa mizigo."

Akajitwika ndoo. Nikafikiri ametania, nikataka kucheka. Hakuwa ametania. Miaka yote hii ni mara ya kwanza nimemwona Mwanne hataniani, na sikujua uso wake ukoje bila ule mzaha. Ni uso wa mtu aliyechoka.

"Mimi sikusemei, Ngassa," akasema. Hajawahi kuniita jina.

Jumapili, 19 Januari

Sikwenda kanisani. Nilisema tumbo.

Ijumaa, 24 Januari

Sukari imepanda, amesema daktari. Magreth akashangaa, na mlenda wote ule. Ni mawazo, nikasema. Akanitazama muda mrefu.

Jumatano, 29 Januari

Umeme umerudi. Nyaya mpya zimefungwa, safari hii wamesema si za shaba, hazina soko. Watoto walikimbia mtaani wanapiga kelele, redio zote zikawaka mara moja, kila moja na stesheni yake. Renatus akatoa hotuba chini ya nguzo. Kasema haya ni matunda ya ulinzi na ya kutenga waovu, na akataka nisimame. Nikasimama. Taa ilinimulika vizuri kabisa.

Nyumba ya Mwanne taa ilikuwa imezimwa.

Jumamosi, 1 Februari

Nimemwota marehemu babu amebeba mzigo. Nikamuuliza ni wa nani, akasema nisimuulize, nipokee.

Alhamisi, 6 Februari

Leo amekuja Mzee Shilinde kutoka Igunga, baba mkubwa wa bwana harusi. Mzee wa mpunga na ng'ombe, mkononi fimbo, kichwani baraghashia iliyopauka kwa jua. Hakwenda kwa Mwanne. Hakwenda kwa mwenyekiti. Alifika stendi, akauliza kamanda wa ulinzi wa Isevya yuko wapi, akaelekezwa kwenye asali yangu.

"Mwangaluka," akasema, kwa salamu ya kwetu.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye unayelinda pale?"

"Ndiyo mimi."

Akakaa kwenye kreti la soda. Akaonja asali, akasema nzuri, akanyamaza. Wazee wa kule hawaanzi jambo mpaka umeanza kuumwa tumbo.

"Sisi tunaoa kwenu," akasema mwishowe. "Watu wanakuja Igunga kwenye mabasi, wanashuka na maneno. Wanasema mama wa binti ametengwa kwa wizi. Kijana wetu anasema uongo. Mimi nikasema sibishani na kijana wala na abiria. Nakwenda kumuuliza mtu anayelinda mtaa. Yeye atakuwa ameona kwa macho."

"Ni watu wazuri, baba."

"Nani?"

"Mwanne na bintiye. Watu wazuri sana."

"Hakuiba?"

"Hakuiba."

"Vizuri." Akaonja tena asali. "Sasa kwa nini hamumsalimii?"

Nilifungua mdomo. Nikaanza kumweleza kwamba kulikuwa na mkutano, na kwamba kwenye mikutano kuna maazimio, na maazimio yana utaratibu. Yeye ananitazama tu. Nikasikia sauti yangu inafanana na ya Renatus.

"Kijana," akasema. Nina miaka hamsini na mbili. "Mimi nimekuwa sungusungu toka ilipoanza. Tumewahi kumtenga mtu, najua kazi yake. Mtu akitengwa ni kama amezikwa na anapumua. Kama alistahili, sawa. Kama hakustahili, aliyemtenga ndiye anayenuka. Wewe unasema hakuiba. Nani alisema ameiba?"

Wateja wawili walikuwa wamesimama wanasubiri chupa. Nikasema, "Ilisemwa tu, baba."

Ilisemwa tu. Ndivyo nilivyojibu. Kama mvua.

Mzee akainuka, akajipangusa. "Basi sikiliza. Jumamosi ijayo tutakuja na basi letu. Tukifika tukakuta mtaa umejaa, masufuria yako motoni, wanawake wanaimba, tutaoa na tutasahau ya abiria. Tukikuta mama yuko peke yake na binti yake uani, tutageuza basi. Siyo kwa ubaya. Mjukuu wangu hatazaliwa kwenye nyumba iliyotengwa."

Akalipia asali ambayo nilitaka kumpa bure. Alikataa bure yangu.

Jumapili, 9 Februari

Nimemwambia Magreth.

Nilimwambia baada ya chakula, nikiwa nimeshaosha vyombo mwenyewe, kwa hiyo alijua kuna jambo. Nilisema yote mfululizo bila kupumua. Transfoma, mvua, jikoni, taa, uani, mkono niliounyoosha, kimya changu mkutanoni, Mzee Shilinde. Nikamaliza. Redio ya jirani inasoma vifo.

"Pilau," akasema Magreth.

"Ndiyo."

"Ya nyama?"

"Ya nyama."

"Nimekaa jikoni mwaka mzima nakula mlenda bila chumvi na mimi, ili usijione mpweke. Mimi sina presha, Baba Koleta. Mimi nina afya ya punda. Naupenda wali."

Hilo sikuwa nalijua. Niliona aibu nyingine mpya, juu ya zile za zamani. Nikamwambia lakini kwa Mwanne hakukuwa na kitu kingine, akasema hilo halijamwingia hata akilini, Mwanne ana macho. Halafu sauti yake ikawa nyingine.

"Miezi miwili nimempita yule mwanamke bombani. Mama aliyenishonea nguo ya msiba wa mama yangu, akakesha, akakataa hela. Nimempita kwa sababu yako. Nilijiambia mume wangu hawezi kunyamazia uongo."

Alilala chumba cha Koleta, binti yetu aliyeolewa. Nimeandika hii mezani.

Jumatatu, 10 Februari

Asubuhi na mapema nimekwenda kwa Renatus. Nilimkuta anapiga mswaki. Nikamwambia yote, yeye na mswaki wake mdomoni. Akatema.

"Kamanda, hili ni zito. Litapelekwa kwenye mkutano."

"Mkutano lini?"

"Machi."

"Harusi ni Jumamosi, Mwenyekiti."

"Azimio la mkutano linafutwa na mkutano. Hatuwezi kwenda kienyeji. Na halafu," akashusha sauti, "hotuba nilishatoa. Umeme umerudi. Ukianza kusema kamanda alikuwa anakula, wananchi watakosa imani."

"Simu yako unachajia wapi siku za mgao?"

Akarudi kwenye mswaki.

Nilimweleza Magreth. Bado hanitazami lakini alinijibu. Akasema kwao Nzega, baba yake alipokuwa sungusungu, aliyemsingizia mwenzake hakupewa mkutano. Mkutano ni rahisi, unasema mara moja unakaa. Alipita mlango kwa mlango, peke yake, mchana, anagonga, anasema alichofanya, anasubiri mwenye nyumba amjibu anavyotaka, anakwenda mlango unaofuata. Akimaliza, aliyetengwa amerudi. Hakuna anayehitaji kupiga kura.

"Nyumba zote?" nikauliza.

"Wewe ulipowatuma wanyamaze, ulichagua nyumba?"

Jumanne, 11 Februari

Leo nimekwenda kwa Mwanne, kwa mlango wa mbele, saa nne, jua linawaka. Nilibisha hodi kwa sauti ili wasikie mpaka kwa Parvez. Najiat akafungua, akaniona, akaacha mlango wazi akaenda ndani bila kusema kitu. Mwanne alikuwa kwenye cherehani, ameishika ile nguo ya harusi, nyeupe, miguu haisimami kwenye pedeli.

Nikasimama. Nikamwambia, "Mwanne, nimekukosea. Nakwenda kusema mlango kwa mlango."

"Utasemaje?"

"Nitasema niliacha lindo, nikaingia kwako kujikinga mvua, nikala, na wakati nyaya zinakatwa wewe ulikuwa unanipakulia. Nitasema mkutanoni nilitania kwa woga, na wewe ulinijibu kwa utani, na mimi nilijua ni utani nikanyamaza. Na nitasema Magreth anajua yote na atakuja kupika."

"Atakuja?"

"Amesema atakuja. Mimi hanisemeshi sana, lakini ameshakwenda kuhesabu masufuria ya kikundi."

Mashine ikasimama. Akaugeuza mshono, akaukagua.

"Useme ulikula sahani ngapi," akasema.

"Hiyo ina umuhimu gani?"

"Mlango kwa mlango watakuuliza, alikaa humo muda gani. Ukisema sahani moja, watajiuliza muda uliobaki mlikuwa mnafanya nini. Sema ukweli, hesabu itatimia yenyewe."

Nikaona ana haki. Nikaona pia kwamba pembeni ya mdomo wake kuna kitu kinachezacheza, kitu ambacho sijakiona toka Desemba, na sikuthubutu kukitazama sana kisije kikaondoka. Kutoka chumbani nikasikia Najiat anakohoa kama mtu anayezuia kicheko, au kilio, sikuweza kujua.

Kwa hiyo naandika hapa ili nisiwe na pa kutorokea. Keshokutwa Alhamisi, tarehe kumi na tatu, kabla ya adhana ya adhuhuri, nitakuwa nimegonga kila mlango wa mtaa huu. Nitaanza kwa Renatus, namrudishia filimbi na fulana. Nitakwenda kwa katibu, kwa Sixbert, kwa Fatmabai nitasema kwenye sikio la kushoto. Nitakwenda kwa yule binti wa dumu. Sitatania hata mlango mmoja. Na kila mlango, wakiniuliza, nitajibu kwamba nilikula sahani tatu na ukoko.

Magreth nilimwambia sahani moja. Naanza na yeye, leo hii, kabla hajalala.